Bunduki ya hewa na risasi mpya: kutatua matatizo ya peleti na slagi kwa kufuata dalili

Malalamiko mengi kuhusu bunduki ya hewa huanza siku ile ile kopo jipya linapofunguliwa. Bunduki iliyokuwa ikipiga vizuri kwa peleti (risasi ndogo zenye kiuno chembamba na sketi) za greni 16, greni ikiwa kipimo cha uzito wa risasi, inapewa peleti za greni 21, au inapewa slagi, yaani risasi ngumu isiyo na kiuno, na ghafla matundu yanatawanyika, kasi inapanda na kushuka, au hewa inakwisha mapema kuliko kawaida. Mwenye bunduki hushika ufunguo na kuanza kugeuza skrubu, na baada ya muda hajui tena alibadilisha kitu gani kwanza. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili visababishi vimeanzia kile kinachotokea mara nyingi hadi kile cha nadra. Ukiufuata kwa mpangilio huo utaona kwamba sehemu kubwa ya matatizo yanayodhaniwa kuwa ya marekebisho hayahusiani na marekebisho hata kidogo, bali yanatokana na risasi isiyouenea mtutu, skrubu iliyolegea, au kipimo ambacho hakikuchukuliwa.

Maelezo mengi yanahusu bunduki inayojazwa hewa ya shinikizo kubwa katika silinda au chupa na yenye rejuleta, yaani kifaa kinachodhibiti shinikizo linalofika kwenye vali, kwa kuwa ndiyo inayorekebishika kwa upana na ndiyo inayofaa slagi. Bunduki ya springi ina sehemu yake fupi baadaye. Ile inayotumia gesi ya kaboni dioksidi haina mengi ya kurekebishwa, kwa sababu shinikizo la gesi hiyo hufuata joto, likiwa karibu baa 57 katika nyuzi 20 za Selsiasi, na hushuka kila unapofyatua kwa haraka. Atakayeitaka irushe slagi nzito atajichosha bure.

Vipimo vya kuchukua kabla ya kugusa skrubu

Hakikisha kwanza kwamba hakuna risasi ndani ya mtutu wala kwenye magazini, na kwamba bunduki haijakokiwa. Kazi yoyote inayohitaji kufungua vali, rejuleta, silinda au kiungo chochote kinachobeba hewa hufanywa baada ya hewa yote kutolewa kwa njia iliyoelezwa na mtengenezaji. Geji kusoma sifuri si uthibitisho wa kutosha, kwa kuwa geji huweza kukwama, na katika bunduki zenye rejuleta kuna chumba cha pili ambacho hubaki na hewa hata silinda ikiwa tupu.

Kisha chukua vipimo vitatu kwa risasi uliyoizoea na kwa risasi mpya. Cha kwanza ni uzito, nacho kiwe cha risasi kadhaa zilizopimwa mojamoja, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye kopo ni wastani tu. Cha pili ni kasi ya risasi kumi zilizopigwa mfululizo mbele ya kronografu, kifaa cha kupimia kasi ya risasi: andika wastani, na andika pia tofauti kati ya risasi yenye kasi kubwa kuliko zote na yenye kasi ndogo kuliko zote. Cha tatu ni kundi la matundu katika umbali unaojulikana, bunduki ikiwa imeegemezwa kwenye mfuko wa mchanga au kiegemeo imara. Tofauti ya kasi ina uzito mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Peleti mbili zikiondoka moja kwa mita 270 kwa sekunde na nyingine kwa mita 260, katika umbali wa mita 50 zitapishana kwa karibu sentimita moja na nusu juu na chini, hata kama mpigaji hakutikisika hata kidogo.

Nishati hupatikana kwa kuchukua nusu ya uzito kwa kilo na kuizidisha kwa mraba wa kasi. Greni moja ni gramu 0.0648, kwa hiyo peleti ya greni 18 ina gramu 1.17, na ikiondoka kwa mita 270 kwa sekunde inabeba karibu jouli 43. Hesabu hii ni muhimu kwa shabaha na ni muhimu pia kwa sheria. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha nishati: huko England na Wales, bunduki ndefu ya hewa inayozidi futi-pauni 12, yaani takribani jouli 16.3, huhitaji cheti cha silaha, na Ujerumani kikomo cha kuimiliki bila kibali ni jouli 7.5. Risasi nzito katika bunduki inayojazwa hewa mara nyingi hutoka na nishati kubwa zaidi bila skrubu yoyote kuguswa, hivyo mtu anaweza kuvuka kikomo kwa kubadilisha kopo tu.

Dalili: matundu yanatawanyika hata katika mita 25

Kisababishi cha kwanza, na ambacho watu hukiruka kwa kuwa ni chepesi mno, ni kulegea. Kagua skrubu za kitako, vishikizo vya darubini, kibano cha mtutu na kizima sauti. Shika mtutu kwa upole na ujaribu kuusogeza, kisha fanya hivyo hivyo kwa darubini. Kinachosogea kwa mkono kitasogea zaidi bunduki inapofyatuliwa. Kaza kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji, wala usizidishe, kwa sababu pete za darubini zilizokazwa kupita kiasi huibana hadi marekebisho yake ya ndani yakakwama.

Cha pili ni risasi yenyewe kutouenea mtutu. Peleti za kaliba (kipenyo cha mtutu kwa milimita) ya 4.5 huuzwa kwa vichwa vya milimita 4.50, 4.51, 4.52 na kadhalika, na zile za 5.5 vilevile hutofautiana kwa sehemu ndogo za milimita. Slagi za kaliba ya 5.5 hupatikana kwa vipenyo vya takribani milimita 5.49, 5.51 na 5.54. Tofauti hizo huonekana ndogo, lakini peleti na slagi huzichukulia kwa namna mbili. Peleti ina kichwa, kiuno chembamba na sketi, na sketi hiyo hutanuka kwa nguvu ya hewa na kuziba mtutu, kwa hiyo peleti husamehe kosa dogo la kipenyo. Slagi ni kipande kigumu chenye mwili unaogusa mtutu kwa urefu wake wote, na hata zile zenye shimo nyuma hazitanuki kwa kiasi cha sketi ya peleti. Slagi iliyolegea huruhusu hewa kupita pembeni, na iliyobana mno hupoteza kasi na kuacha madini ya risasi ndani ya mtutu.

Njia ya kukagua ni rahisi. Bunduki ikiwa haina hewa wala haijakokiwa, ingiza slagi moja kwa mkono, kisha isukume taratibu kwa ufito wa kusafishia kuanzia upande wa chemba, mahali risasi inapoingizwa, hadi itokee mdomoni. Inatakiwa uhisi ukinzani wa wastani usiobadilika njia nzima. Itazame kwa kioo cha kukuzia: alama za mifereji ya mtutu zinatakiwa kuonekana wazi pande zote. Alama hafifu au za upande mmoja humaanisha kipenyo ni kidogo. Mitutu mingi iliyotengenezwa kwa ajili ya peleti ina kaba, yaani sehemu inayobana kidogo karibu na mdomo, na utaihisi slagi ikiwa ngumu kusukuma katika sentimita za mwisho. Kaba husaidia peleti kwa kusawazisha maumbo yake, lakini slagi nyingi huiona kama kikwazo. Dawa yake ni kujaribu slagi nyembamba zaidi kabla ya kufikiria mtutu mwingine.

Kwa upande wa peleti, kagua pia sketi. Kopo lililoanguka au kubebwa huku risasi zikigongana huwa na peleti nyingi zilizopinda, na peleti moja kati ya kumi inatosha kuharibu kundi zima na kumfanya mpigaji ailaumu rejuleta. Zibingirishe juu ya kioo: ile iliyopinda huyumba.

Cha tatu ni uchafu, pamoja na mtutu kutozoea risasi mpya. Kila aina ya risasi huja na mafuta yake au bila mafuta, na inapobadilishwa mtutu huhitaji risasi kumi hadi ishirini, pengine zaidi, kabla kundi halijatulia. Kwa hiyo kuzihukumu risasi mpya kwa matundu matano ya kwanza ni kuzionea. Ikiwa kundi lilikuwa zuri na limeharibika polepole, safisha mtutu kwa vitambaa vinavyovutwa kutoka chemba kuelekea mdomo hadi kitambaa kitoke safi, kisha piga tena risasi za kuzoesha. Slagi huchafua mtutu haraka kuliko peleti kwa kuwa eneo linalosugua ni kubwa.

Cha nne ni kizima sauti. Slagi au peleti inayogusa visahani vya ndani vya kizima sauti hata kidogo hutoka ikiyumba. Dalili yake ni matundu yanayoruka mbali bila mpangilio na mstari wa kijivu unaong'aa kwenye ukingo wa tundu la kutokea. Kifungue, piga kundi bila hicho mahali ambapo kelele haina madhara, na ulinganishe. Kama tatizo limeondoka, huna haja ya kurekebisha kitu kingine chochote isipokuwa mpangilio wa kizima sauti hicho.

Kisababishi cha nadra ni ukingo wa mdomo wa mtutu kuwa na jeraha. Pitisha kijiti chenye pamba kuzunguka ukingo huo, bunduki ikiwa tupu na haijakokiwa. Pamba ikinaswa mahali pamoja, kuna kinundu au mkwaruzo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kuchonga vyuma. Kujaribu kuusawazisha kwa msasa wa mkono huongeza ubaya, kwa sababu ukingo usiolingana huachia hewa upande mmoja kabla ya mwingine na kuisukuma risasi kando.

Dalili: kundi ni zuri katika mita 25 lakini linafumuka kuanzia mita 50

Hii ndiyo dalili inayofundisha zaidi, kwa sababu majibu yake kwa peleti na kwa slagi karibu yanapingana.

Kwa peleti, kisababishi cha kwanza ni kasi iliyozidi. Peleti hupenda mwendo wa kati ya mita 240 na 280 kwa sekunde. Sauti husafiri kwa karibu mita 343 kwa sekunde katika nyuzi 20 za Selsiasi, na risasi inapoukaribia mwendo huo hewa inayoizunguka huanza kuvurugika. Peleti yenye kiuno chembamba hutikiswa, na badala ya kunyooka huanza kuzunguka njia yake kama uzi wa skrubu. Karibu na mtutu kosa hilo halionekani, lakini mbali linakuwa kubwa. Punguza kasi kwa hatua za mita tano hadi nane kwa sekunde na upige kundi katika kila hatua, na mara nyingi utafika mahali ambapo matundu yanajikusanya yenyewe. Namba kubwa za kasi zinazochapishwa kwenye maboksi ya bunduki zisikusumbue, kwa kuwa mara nyingi hupatikana kwa peleti nyepesi mno ambazo mpigaji makini hazitumii. Ikiwa nishati ndiyo unayoihitaji, chukua peleti nzito zaidi na uirudishe kasi katika mipaka hiyo.

Kwa slagi, kisababishi cha kwanza ni kasi ndogo, au msokoto wa mtutu, yaani mpindo wa mifereji inayoizungusha risasi, usiotosha. Peleti husaidiwa kunyooka na umbo lake, kwa kuwa uzito uko mbele na sketi inaburuta hewa nyuma. Slagi haina msaada huo, na inategemea mzunguko pekee. Mitutu mingi ya peleti huzungusha risasi mara moja katika takribani milimita 450, na kiasi hicho hutosha slagi fupi lakini huenda kisitoshe ndefu. Angalia matundu kwenye karatasi: yakiwa ya mviringo, slagi inafika ikiwa imenyooka, yakiwa ya umbo la yai, inafika kiubavu, na hakuna skrubu itakayoirekebisha ikiwa mtutu hauwezi kuizungusha. Jaribu kwanza slagi fupi na nyepesi zaidi ya kaliba ile ile, kisha pandisha kasi kuelekea mita 270 hadi 300 kwa sekunde ikiwa bunduki na sheria vinaruhusu, na mtutu mpya uwe hatua ya mwisho.

Baada ya hapo fikiria upepo, ambao huisukuma peleti zaidi ya slagi na mara nyingi hupangua kundi kwa ulalo ulalo, na fikiria paralaksi ya darubini. Ukitikisa kichwa kidogo nyuma ya darubini na msalaba ukaonekana kuhama juu ya shabaha, rekebisha umbali wa paralaksi kabla ya kumlaumu yeyote.

Dalili: kundi ni dogo lakini limehama

Hili si tatizo. Risasi yenye uzito, kasi na umbo tofauti hugonga mahali tofauti, na wakati mwingine huhama pembeni na si chini tu, kwa sababu mtutu hutetema kwa namna nyingine. Andika mibofyo ya darubini inayohitajika kwa kila risasi na uendelee. Lakini ikiwa mahali pa kugonga pamehama kwa risasi ile ile, rudi kwenye ukaguzi wa kulegea.

Dalili: slagi au peleti nzito inatoka polepole na kugonga chini sana

Kwa kawaida bunduki haina kosa, ila imewekwa kwa ajili ya risasi nyingine. Chukua mfano wa jouli 43 uliotajwa juu. Nishati hiyo hiyo ikitolewa kwa slagi ya greni 26, yenye karibu gramu 1.68, kasi yake itakuwa karibu mita 225 tu kwa sekunde. Ili slagi hiyo iondoke kwa mita 280 inahitaji karibu jouli 66, yaani zaidi ya mara moja na nusu ya nishati ya awali, na nishati hiyo lazima itoke kwenye hewa.

Kuna vitu vitatu vinavyoamua hewa inayofika nyuma ya risasi: shinikizo lililoruhusiwa na rejuleta, muda ambao vali inakaa wazi baada ya kupigwa na nyundo, na upana wa tundu linalopitisha hewa kutoka vali hadi mtutu. Anza na springi ya nyundo, kwa kuwa mara nyingi hurekebishwa kwa nje. Ongeza mkazo wake kidogo kidogo, ukipiga risasi tatu hadi tano mbele ya kronografu katika kila hatua. Kasi itapanda, kisha itafika mahali ambapo kuongeza mkazo hakuleti kitu. Hicho ndicho kilele cha shinikizo ulilo nalo. Rudi nyuma hadi kasi ishuke kwa asilimia tatu hadi tano chini ya kilele, na uache hapo, kwa sababu katika eneo hilo bunduki hutumia hewa kwa busara na kasi haibadiliki sana.

Ikiwa kasi unayoitaka iko juu ya kilele hicho, sasa ndipo shinikizo la rejuleta linapopandishwa, kwa baa tano hadi kumi kwa wakati mmoja, kisha zoezi la nyundo linarudiwa. Bunduki nyingi za kaliba ya 5.5 hufanya kazi ya peleti katika eneo la baa 100 hadi 130, na slagi nzito hudai zaidi. Kila bunduki ina kikomo kilichowekwa na mtengenezaji, na kikomo hicho hakivukwi kwa sababu yoyote. Mtutu mfupi una kikomo chake pia: hewa haipati nafasi ya kutosha kuisukuma slagi nzito kabla haijatoka, na wakati mwingine jibu la kweli ni kwamba bunduki hiyo ibaki na peleti zake.

Kupanua tundu la kupitisha hewa kwa kuchimba ni kazi isiyorudishika. Waachie wanaojua, na hata wao wakuhakikishie kwamba kuta za sehemu hiyo zinabaki na unene unaobeba shinikizo.

Dalili: shinikizo la rejuleta limepandishwa, lakini kasi imeshuka

Jambo hili huwashangaza wengi, ingawa sababu yake ni moja na nyepesi. Hewa iliyo nyuma ya vali ndiyo inayoifunga. Shinikizo likiongezeka, vali inakuwa ngumu kufunguka, na nyundo yenye mkazo ule ule wa zamani huifungua kidogo na kwa muda mfupi. Ongeza mkazo wa springi ya nyundo na kasi itarudi na kupita ilipokuwa. Ikiwa skrubu ya nyundo imefika mwisho na kasi bado iko chini, shinikizo ulilochagua limezidi uwezo wa nyundo uliyo nayo: lirudishe chini, au mwombe fundi akuwekee springi ngumu zaidi inayotambuliwa na mtengenezaji. Kukata springi, kuweka vipande vya chuma nyuma yake au kuongeza uzito wa nyundo kwa kubahatisha kunaweza kuvuruga kifyatulio kisishike sawasawa, na bunduki inayofyatuka yenyewe inapokokiwa ni hatari kuliko kasoro yoyote ya kasi.

Katika bunduki isiyo na rejuleta, hali hii hii huonekana kwa sura nyingine: silinda ikijazwa sana, risasi za kwanza huwa za polepole, kasi hupanda kadiri hewa inavyopungua, kisha hushuka tena. Tafuta kwa kronografu eneo la katikati ambako kasi inatulia, na ujaze hadi mwanzo wa eneo hilo, si hadi mwisho wa geji.

Dalili: kasi haitulii kutoka risasi moja hadi nyingine

Ishuku kronografu kwanza. Zile zinazotegemea mwanga hudanganywa na taa za ndani zinazopepesa na betri iliyochoka. Baada ya hapo tazama mpangilio wa namba, kwa kuwa mpangilio ndio unaotaja kosa.

Risasi ya kwanza baada ya bunduki kukaa muda ikiwa na kasi tofauti sana na zinazofuata, kisha mfululizo ukatulia, rejuleta inapanda polepole: haifungi kikamilifu, na hewa inapenya taratibu kuongeza shinikizo kwenye chumba cha vali. Ikiwa bunduki ina geji ya rejuleta, soma mara baada ya kufyatua, kisha soma tena baada ya dakika kumi na baada ya saa moja. Kupanda kwa baa chache kisha kusimama ni jambo la kawaida kwa rejuleta nyingi. Kupanda bila kusimama ni kosa la sili au uchafu kwenye kiti cha rejuleta, na bunduki haitakiwi kuendelea kutumika, kwani shinikizo linaweza kufikia lile la silinda nzima ndani ya chumba ambacho hakikukusudiwa kulibeba.

Kasi ikishuka taratibu risasi baada ya risasi unapopiga haraka, rejuleta inachelewa kujaza. Subiri sekunde kadhaa kati ya risasi na ulinganishe. Kasi ikishuka baada ya idadi fulani ya risasi na isirudi, shinikizo la silinda limefika chini ya lile la rejuleta, jaza hewa. Kasi ikirukaruka bila mpangilio wowote, angalia oringi (pete ya kuzibia hewa) iliyo kwenye chemba, ile inayoziba nyuma ya risasi. Hiyo ni ndogo, huchanika kimya kimya, na slagi zenye kingo kali huikata haraka. Ikibadilishwa, ipakwe grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu.

Onyo moja lisipuuzwe: mafuta na grisi za petroli haziingii kwenye mfumo wa hewa ya shinikizo kubwa, kwa sababu hewa iliyobanwa ghafla hupata joto linaloweza kuyawasha. Oksijeni safi kutoka mtungi wa hospitali au wa kuchomelea haitumiki kujaza bunduki kamwe.

Dalili: hewa inakwisha haraka kuliko kawaida

Mara nyingi nyundo imekazwa kupita kilele kilichoelezwa juu, na hewa ya ziada hutoka mdomoni baada ya risasi kuondoka. Utaisikia: mlio unakuwa mkubwa wakati kronografu haionyeshi nyongeza yoyote. Legeza. Kisababishi cha pili ni nyundo kudunda na kuifungua vali mara ya pili, jambo linalotokea zaidi mkazo ukiwa mkubwa na shinikizo likiwa dogo. Cha tatu ni uvujaji. Pia kubali kwamba slagi hula hewa: bunduki iliyokuwa ikitoa risasi nyingi za peleti kwa mjazo mmoja haitatoa idadi ile ile ikirusha risasi yenye nishati mara moja na nusu.

Dalili: slagi inakwama au inakwaruzwa inapoingia

Slagi nyingi ni ndefu kuliko nafasi ya magazini iliyochongwa kwa peleti. Hii husababisha magazini kutozunguka, au pua ya slagi kukatwa na ukingo wa mtutu. Pima urefu kabla ya kununua nyingi. Ukiona kipande chembamba cha madini kinabaki kwenye chemba, magazini haijapangana na mtutu, na trei ya kuweka risasi mojamoja hutatua jambo hilo kwa gharama ndogo. Usilazimishe mkono wa kukokia. Risasi iliyokwama isijaribiwe kutolewa kwa kufyatua risasi nyingine nyuma yake: toa hewa, kisha isukume kwa ufito.

Bunduki ya springi

Springi na pistoni zimepangwa kwa uzito fulani wa risasi. Peleti nyepesi mno haiipi pistoni mto wa hewa wa kutosha, nayo hugonga mwisho wa silinda. Peleti nzito mno huifanya pistoni irudi nyuma kabla haijamaliza safari, na springi huchoka. Kwa kaliba ya 4.5 peleti za greni 7 hadi 9 hufaa bunduki nyingi. Slagi zikae mbali na bunduki hizi, na sioni sababu ya kulijadili hilo kwa urefu.

Kundi likitawanyika, kaza skrubu za kitako, ambazo hulegea kwa mtikisiko, kisha tazama namna unavyoishika: bunduki ya springi huruka nyuma na mbele, na hupiga vizuri ikishikwa kwa wepesi mahali pale pale kila mara. Mtikisiko huo huua darubini zisizotengenezwa kwa ajili yake. Moshi na mlio mkali kama wa baruti humaanisha mafuta yanaungua ndani ya silinda. Acha kupaka mafuta, na hali ikiendelea baada ya risasi kadhaa, simama. Springi kuu imebanwa hata bunduki isipokokiwa, na kuifungua bila kibano maalumu kumewaumiza wengi.

Uvujaji, na mahali pa kusimama

Paka maji ya sabuni kwenye viungo na utazame mapovu. Hewa ikitoka mdomoni mwa mtutu, vali haifungi. Ikitoka kwenye tundu dogo la kupumulia lililo kwenye mwili, oringi za rejuleta zimechoka. Ikitoka kwenye kiungo cha kujazia au kwenye geji, ni oringi ya hapo. Kubadilisha oringi ya chemba ni kazi ya mwenye bunduki. Kubadilisha kiti cha vali, sili za rejuleta au geji iwe kazi ya fundi, isipokuwa kama una mafunzo, vifaa na mchoro wa bunduki hiyo hiyo.

Simama kabisa, usijaze wala usifyatue, ukiona mojawapo ya haya: silinda au chupa yenye kovu la kina, kutu, uvimbe au iliyopitwa na tarehe ya kukaguliwa; geji ya rejuleta inayopanda bila kusimama; bunduki iliyofyatuka bila kuguswa au isiyoshika inapokokiwa; skrubu inayobeba shinikizo ambayo uzi wake umelika; au mlio wa hewa ambao hujui unakotoka. Ikiwezekana bila kufungua kitu, itoe hewa kwa njia ya mtengenezaji, mdomo ukielekea mahali salama. Isipowezekana, iache katika chumba kisicho na watu na umwite fundi.

Unapompelekea fundi, ipeleke ikiwa tupu pamoja na daftari la vipimo: uzito na kipenyo cha risasi, kasi za mfululizo kwa mpangilio zilivyotoka, shinikizo la rejuleta lilivyosomwa mara baada ya kufyatua na saa moja baadaye, na mizunguko ya skrubu uliyogeuza tangu hali ilipokuwa nzuri. Mpe pia slagi au peleti kumi za kopo lile lile, kwa sababu akizijaribu za kwake atarekebisha bunduki kwa risasi ambazo huna.